Jumapili Katika Daftari la Maji

Kashai, Bukoba
12 Januari 2024

Shangazi yangu Ma Ephrasia,

Kasinge waitu. Mwaka mpya umenikuta mzima, ukiondoa mafua niliyoyachukua Kashozi kwa mama siku ya Krismasi, maana nyumba nzima ilikuwa inapiga chafya. Mama anakusalimu sana. Kahawa yake ameshaianika, na ameniagiza nikuulize kama goti lako bado linatabiri mvua kuliko redio. Hapa Kashai bodaboda zinanguruma chini ya dirisha langu tangu alfajiri, nami nimeshazizoea.

Bahasha yako ya Desemba ililetwa na Buberwa, konda wa basi, ikiwa na alama ya kidole chenye mafuta, lakini fomu ya vipimo vya ziwa iliyokuwa ndani ilikuwa safi. Daktari Mwijage, mwenyekiti wa chama chetu cha kuchunguza tsunami, aliwaonyesha wenzetu wa nje kwenye mkutano wa mtandaoni. Alisema, "Tazameni mwandiko huu. Miaka tisa, asubuhi na jioni, hakuna nafasi hata moja iliyoachwa wazi." Mwanachama mmoja wa Chile, profesa mzima, akasema hata kwao daftari la namna hiyo ni adimu. Nilijisikia fahari kana kwamba nimeliandika mimi.

Sasa jambo lenyewe. Wilaya inataka kujenga wodi ya wazazi hapo Kabushenya, kwenye uwanda ulio nyuma ya mwalo wa mitumbwi, ili wanawake wasiendelee kupandishwa mlima kwa machela. Wamekiuliza chama chetu kama ziwa linaweza kufika pale. Najua utacheka tena kwamba tsunami ni mambo ya baharini na sisi tunatafuta kazi ya kufanya. Lakini mlima ukiangukia majini, maji husukumwa, huinuka na kuja nchi kavu, yawe ya bahari au ya ziwa. Na kwenu mlima uliwahi kuanguka, ng'ambo ya ghuba, Jumapili ile ya tarehe 3 Mei 2020. Wavuvi wawili wa dagaa walisema maji yaliinuka. Daftari lako linasema hayakuinuka. Jumamosi jioni nguzo ya vipimo ilionyesha mita 2 na sentimita 38, Jumapili asubuhi vivyo hivyo, jioni vivyo hivyo, na chaki unayoipaka kwenye nguzo ili maji yaifute yakipanda ilikuwa imelowa vidole viwili tu, kama siku zote. Ripoti yangu iliyosomwa mbele ya chama mwaka juzi imejengwa juu ya tarakimu hizo, na jibu letu kwa wilaya litajengwa hapo hapo.

Msingi wa wodi unawekwa tarehe 10 Juni. Jibu letu linatakiwa kabla ya mwisho wa Mei. Nimeona nikujulishe kwamba kazi yako ya kuteremka mwaloni kila siku na kipande cha chaki inakwenda kuzaa kitu cha kuonekana.

Mtoto wa kaka yako anayepiga chafya,
Violeth


Kabushenya, Muleba
2 Februari 2024

Mwanangu Violeth,

Barua yako nimeipata, na mafua yake nadhani nimeyapata pia. Mwandiko wako unazidi kulala. Nilipokufundisha darasa la pili ulikuwa unasimama wima, sijui chuo kikuu walikufanya nini. Mwambie wifi yangu Mkatoliki kwamba goti lipo kazini, na kwamba kahawa yake ya mwaka jana ilikuwa na mawe.

Huku kibanja changu kimeingiwa na mnyauko. Nimekata migomba kumi na mmoja na kuichoma, na kila mmoja niliujua kwa jina la aliyenipa mche wake. Nimeumia sana. Kwaya inajiandaa kwa Pasaka. Sauti ya pili hawafiki kwa wakati mazoezini, na mwinjilisti wetu mpya anadhani upole utawaponya.

Habari ya wodi imenifurahisha kupita kiasi. Joyness, binti wa jirani yangu, mwezi wa kumi na moja alijifungulia kwenye kona ya tatu ya mlima, mvua ikinyesha, mimi nikiwa nimemshikia kanga juu yake. Mtoto alilia, tukashukuru. Wa kabla yake hakulia. Kwa hiyo jengeni, tena jengeni haraka, kabla sijafa.

Jovita, mjane wa Clavery, naye hajambo. Yupo kwenye nyumba yake ile ile uwandani. Bado hanisalimii.

Kuhusu daftari, lipo. Fomu ya Januari imo humu ndani.

Shangazi yako,
Ephrasia


Kashai, Bukoba
16 Februari 2024

Shangazi mpendwa,

Pole na migomba. Nimemsomea mama maneno yako kuhusu mawe kwenye kahawa, akacheka hadi akakaa chini, kisha akasema mawe yale aliyatia kwa makusudi ili upime vizuri. Mimi mafua yameisha. Jumamosi iliyopita nilikwenda ziwani kutembea, nikakumbuka ulivyokuwa ukinishika mkono nisikaribie maji.

Nina swali dogo, na siyo langu. Profesa wa Chile ameandika kuuliza, ile Jumapili ya 3 Mei msomaji alisoma nguzo saa ngapi. Mlima ulianguka yapata saa tano asubuhi. Anasema kwenye ghuba nyembamba kama yenu maji yangecheza mpaka jioni, na msomaji lazima angeyaona, au chaki ingekuwa imefutika mpaka juu. Saa tano najua ulikuwa kanisani. Kwa hiyo tunachohitaji ni saa uliyosoma jioni, na kama chaki uliitazama kwa macho yako siku ile ile. Mstari mmoja unatosha.

Samahani kwa kukusumbua kwa jambo dogo hivi.

Violeth


Kabushenya, Muleba
4 Machi 2024

Violeth mwanangu,

Fomu ya Februari hii hapa, siku ishirini na tisa kamili, msije mkasema nimekula siku moja.

Kwaresima hii imetukuta na mambo. Paa la kanisa linavuja juu ya kinanda, nasi tumelifunika turubai la mtu wa dagaa, kwa hiyo ibada nzima inanuka samaki. Kwenye mnada baada ya ibada niligombea mkungu wa ndizi na mzee wa kanisa mpaka mwinjilisti akaona haya. Niliushinda. Mhandisi wa wilaya alikuja na vigingi, ameuzungushia uwanda kamba nyeupe. Wanawake wanakwenda kusimama ndani ya ile kamba kutazama tu, wakionyeshana hapa kitanda, hapa dirisha. Nilimwona Joyness na mtoto mgongoni amesimama pale ambapo amesema patakuwa mlango.

Umeuliza saa. Mwaka ule ulikuwa wa ndoo za kunawia mikono mlangoni mwa kanisa, mambo yalikuwa mengi, na saa yangu ya ukutani ilikuwa imekufa betri. Huyo profesa wa Chile yeye saa zake zote anazikumbuka? Miaka thelathini na minne nimesahihisha madaftari ya watoto wa watu na hakuna aliyewahi kuniuliza nilisahihisha saa ngapi.

Mvua ni nyingi. Uvae viatu vya maana.

Ephrasia


Kashai, Bukoba
15 Machi 2024

Shangazi,

Kasinge waitu. Mama hajambo, mimi sijambo, viatu nimevaa.

Nakuomba usinikasirikie. Jambo hili limekua. Profesa ameshaandika mara ya pili, safari hii kwa Daktari mwenyewe. Nimeambatanisha karatasi niliyoichapa, yenye maneno machache kwamba wewe, Ephrasia, ulisoma nguzo Jumapili tarehe 3 Mei 2020 asubuhi na jioni, ukakuta chaki haikufutika zaidi ya kawaida. Weka sahihi tu, umpe Buberwa. Karatasi hiyo itafunga mjadala, na wodi itajengwa.

Kuna jingine limenikaa moyoni. Clavery, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyekutwa majini Jumapili hiyo hiyo. Kwenye ripoti niliandika kwamba kifo chake hakihusiani na poromoko, kwa sababu wanakijiji walisema alikuwa amelewa. Ni nani hasa aliyesema?

Violeth


Kashai, Bukoba
19 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Fomu ya Machi imefika peke yake, bila barua wala sahihi. Buberwa aliniambia ulimkabidhi bahasha bila hata kumtania. Nilipoifungua na kukuta karatasi moja tu niliogopa kwamba unaumwa, mpaka nilipoona tarakimu zimesimama wima kama kawaida yako.

Nitakwambia nilichofanya. Jumatatu nilichukua fomu zako zote tangu mwaka 2015, nikazipanga sakafuni ofisini, nikatazama Jumapili peke yake. Nilitazama moja, nikatazama kumi, nikamaliza mwaka mzima. Shangazi, kila Jumapili ni sawa na Jumamosi yake. Asubuhi, jioni na chaki. Jumatatu ziwa linapanda au linashuka kidogo, Jumanne vilevile, lakini Jumapili limesimama, kama nalo linakwenda ibadani. Nilicheka kwanza, kisha nikazihesabu upya. Nimekaa na karatasi hizo miaka minne, nikazitumia kuandika ripoti iliyopigiwa makofi, wala sikuliona jambo ambalo mtoto angeliona.

Sijamwambia mtu. Nazirudisha kwenye kabati kila jioni na kufunga kwa ufunguo, nami siyo mwizi. Naona aibu kukuandikia linalofuata, lakini ndilo ninaloliwaza. Kama ukiweka sahihi, hakuna atakayepanga Jumapili sakafuni. Chama kitajibu, wodi itajengwa, mlima pengine hautaanguka tena tukiwa hai. Na kama usipoweka, sijui nitasema nini mbele ya Daktari, wala sijui nitabaki na kazi gani.

Uniambie la kufanya. Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu.

Violeth


Kabushenya, Muleba
6 Mei 2024

Violeth mwanangu,

Salamu nyingi, na kwa mama yako pia. Sina habari za kibanja leo.

Karatasi yako ya sahihi nimewashia jiko. Usinichapie tena maneno ya kusema.

Jumapili sijawahi kusoma nguzo, hata moja. Kutoka mwaloni mpaka kanisani ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye magoti mawili mazima. Natoka nyumbani giza halijaisha kwa ajili ya kwaya, na baada ya ibada kuna mnada, na baada ya mnada kuna wagonjwa wa kutembelea. Tena ni siku ya Bwana, na nililelewa kwamba siku hiyo hata jembe halishikwi. Lakini fomu yenu ina maneno mekundu juu kabisa, "Usiache nafasi wazi." Wiki ya kwanza niliacha wazi, ikarudishwa kutoka Bukoba imezungushiwa kalamu, kama mtoto aliyekosa. Mimi, mwalimu, nilirudishiwa karatasi! Basi Jumatatu ile nikanakili Jumamosi. Niliona ziwa haliwezi kubadilika kitu kwa siku moja. Jumatatu iliyofuata nikanakili tena, na baadaye mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Hilo nimelisema. La pili ni gumu zaidi, na nimelikalia miaka minne.

Jumatatu tarehe 4 Mei nilipoteremka mwaloni, nguzo ilikuwa imelala upande. Magugu maji yalikuwa yameviringika kwenye ncha yake ya juu kabisa, ile ya mita nne. Chaki haikuwepo, wala chini wala juu. Niliyaona magugu kwa macho yangu. Niliyatoa kwa mkono. Niliisimamisha nguzo mpaka ikalingana na alama ya fundi iliyo kwenye jiwe, nikajiambia ni mvua, maana mvua ya mwaka ule ilikuwa imejaa kila mahali. Kisha nikafungua daftari, nikanakili Jumamosi.

Mchana watu walikusanyika kwa ajili ya Clavery. Jovita alisema mume wake hanywi hata pombe ya rubisi, ziwa ndilo lililomfuata karakanani akiwa anaziba mtumbwi. Wazee walikuwa tayari wamekasirika kwamba alifanya kazi siku ya ibada. Mwinjilisti wa wakati ule akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye daftari la serikali, kama walivyokuwa wakiliita. Ningeweza kusema sikusoma. Wangejua kwamba sisomi Jumapili, na nyie Bukoba mngejua. Nikafungua ukurasa nikawasomea, "Ziwa limetulia." Tope lililojaa uwandani wakasema ni la mvua. Baada ya hapo chupa ya mafuta ya taa iliyokutwa karibu naye ikageuka midomoni mwa watu kuwa chupa ya gongo. Alizikwa kama mlevi. Kwaya haikuimba, na kiongozi wa kwaya ni mimi. Nilikaa kwenye benchi nikitazama viatu vyangu.

Uliuliza ni nani aliyesema. Ni mimi.

Nawe usiweke kabatini jambo hili. Nakuonea huruma, lakini peleka.

Ephrasia


Kashai, Bukoba
14 Mei 2024

Shangazi yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Nililia. Nilikukasirikia siku nzima, kwa ajili ya Jovita hasa, kisha nikajikuta nimejikasirikia mimi na ile karatasi ya sahihi. Wewe ulinakili tarakimu. Mimi nilitaka uninakilie kiapo.

Nimempelekea Daktari Mwijage barua yako pamoja na fomu zote. Alichukua fomu tupu, akayatazama yale maneno mekundu, akasema, "Haya nimeyaandika mimi." Hakunifukuza. Ripoti yangu inaondolewa kwenye kumbukumbu za chama, na nimemwandikia profesa wa Chile kwa mkono wangu mwenyewe kwa nini. Waliokuwa wakinipongeza wamekuwa kimya. Inaniuma, sitakudanganya.

Lakini tatizo halijaisha, na ndiyo sababu nakuandikia haraka. Tunaweza kuiambia wilaya neno moja tu kwa sasa, kwamba hatujui. Mhandisi ameshasema kwa simu kwamba neno hilo halisimamishi msingi. Anataka kipimo. Bila kipimo tarehe 10 Juni watamwaga zege, na ndani ya mwaka watalaza wazazi pale. Mashine yetu ya kupimia imepelekwa Mwanza kutengenezwa, itarudi Julai.

Je, kuna alama yoyote ya maji yale iliyobaki? Mti uliokwanguliwa, tope kwenye jiwe, chochote ambacho mvua ya miaka minne haijakigusa? Daktari amesema alama moja iliyolinganishwa na nguzo yako inatosha. Najua ninakuomba nini, maana najua ni nani peke yake mwenye nyumba uwandani.

Violeth


Kabushenya, Muleba
3 Juni 2024

Violeth mwanangu,

Nimeisoma yako. Kwa mama yako salamu. Barua hii imechelewa kwa sababu mara tatu niliteremka mpaka kwenye mgomba wa kwanza wa Jovita, na mara tatu nilirudi.

Jana, Jumapili, sikwenda kanisani. Nilimpa ufunguo wa kabati la nyimbo dada wa sauti ya kwanza, na yeye akadhani nimefiwa. Niliteremka saa mbili asubuhi. Jovita alikuwa anafagia.

"Ma Ephrasia, umepotea njia? Kanisa liko juu."

Nikamwambia nimekuja kwake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, Jumapili zote, magugu kwenye ncha ya nguzo, daftari nililolisoma mbele ya watu. Nilitaka kupiga magoti, goti likakataa, nikabaki nimeinama nusunusu kama mwehu. Hakuniinua. Aliegemeza ufagio mlangoni, akasema, "Miaka minne nangoja mtu mwenye daftari aingie humu ndani. Watu wananiita mchafu. Ingia."

Ukuta wake wa ndani hajaupiga lipu wala rangi tangu siku ile. Lipo tope, mwanangu, mstari mmoja ulionyooka kuzunguka chumba kizima, juu ya kitanda chake, juu kuliko kifua changu. Chini ya mstari udongo ni wa kijivu wa ziwani. Juu yake ukuta ni mwekundu kama kawaida. Amelala chini ya mstari huo miaka yote hii. Nililia, naye hakulia.

Mashine hatuna, lakini mafundi wana mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha maji ndani, wanaousawazishia kuta. Niliuazima kwa fundi Byabato, ambaye ndiye anayechimba msingi wa wodi na hata Jumapili analala kwenye kibanda cha vifaa. Jovita alishika ncha moja kwenye mstari wa tope. Mimi nilipita dirishani na ncha nyingine, tukaweka kigingi njiani kwa kuwa mpira haukufika, tukasogea, tukaweka tena, mpaka nguzoni. Kila mara lazima wote wawili mkae kimya msitikisike, maji ya ncha zote mbili yatulie. Tulifanya mara tatu. Mara zote tatu tofauti ilikuwa chini ya sentimita moja.

Mstari wa Jovita uko juu ya ncha ya nguzo kwa sentimita 27. Yaani mita 4 na sentimita 27. Jumamosi ile ziwa lilikuwa mita 2 na sentimita 38. Ujumlishe na kutoa mwenyewe, mimi kwa sasa sijiamini.

Kisha nikamwomba Byabato anionyeshe kigingi cha sakafu ya wodi, tukakipima kwa mpira huo huo. Ni mita 3 na sentimita 60. Maji yangesimama sentimita 67 juu ya sakafu. Nilimuuliza Joyness, aliyekuwa amekuja kutazama, kitanda cha hospitali kina urefu gani. Alionyesha kwa mkono, juu kidogo ya goti. Byabato alitazama mkono wake, akakunja kamba nyeupe bila kuambiwa na mtu. Amesema hachimbi tena mpaka mhandisi aje asome mwenyewe, na kwamba juu ya kona ya pili ya mlima kuna uwanja wa shule ya zamani ambao hautumiki. Jengeni pale. Ni nusu ya mlima, lakini ni afadhali.

Jumapili ijayo nitasimama mbele ya kanisa niseme nililosema kwa Jovita. Uongozi wa kwaya nimeshauacha. Mwinjilisti anasema tutakwenda kuimba kaburini kwa Clavery. Nilimuuliza Jovita. Alisema mkija mje, hajui kama atatoka nje.

Usidhani amenisamehe. Nilikaa kwake mpaka jua likawa juu, na hakunipa hata punje moja ya kahawa ya kutafuna, ambayo hata mtoza ushuru hupewa. Alinishikia ncha ya mpira, basi. Nilipokuwa naondoka aliniuliza kama fomu inakwenda mpaka kwa yule mtu wa Chile. Nikasema inakwenda. Akanitajia maneno ya kuandika kwenye safu ya mwisho. Nilimwambia safu ile ni ya mambo ya maji, akasema kama ni hivyo nimrudishie mstari wake. Nimeandika. Mwambie Daktari Mwijage asithubutu kuyafuta, maana yeye ndiye aliyekataza nafasi wazi.

Fomu ya Mei imo humu, Jumapili zake zote nne nimeziacha wazi. Na hii nyingine ni ya siku moja:

Jumapili, 3 Mei 2020.
Asubuhi: haikusomwa.
Jioni: haikusomwa.
Maji yalipofika: mita 4 na sentimita 27. Imesomwa Jumapili, 2 Juni 2024.
Wasomaji: Ephrasia na Jovita.
Maoni: Clavery hakuwa amelewa.